Magoti ya Foreman: Hofu na Aibu Ulingoni



Nimeombwa nizungumze juu ya ujasiri. Nitazungumza zaidi juu ya hofu, kwa sababu hofu ndiyo yenye mashahidi wa kuaminika. Ujasiri wa bondia tunasimuliwa na mashabiki na watangazaji. Hofu yake tunasimuliwa na yeye mwenyewe, mara nyingi akiwa mtu mzima aliyestaafu, asiye na sababu tena ya kuficha kitu.

Tarehe 22 Januari 1973, mjini Kingston, Jamaika, George Foreman alipanda ulingoni kupambana na Joe Frazier, bingwa wa dunia wa uzito wa juu ambaye hakuwa amepoteza hata pambano moja la kulipwa. Miaka miwili kabla yake Frazier alikuwa amemlambisha sakafu Muhammad Ali. Mwamuzi alipowaita katikati, Foreman alimkazia Frazier macho bila kupepesa, na waliokuwepo waliona jitu lisilojua woga. Baadaye Foreman alisimulia kwamba muda wote ule magoti yalikuwa yakimtetemeka, na kwamba alimkodolea Frazier macho ili asije akatazama chini akayaona. Kengele ikalia. Katika raundi mbili Frazier alianguka mara sita, mwamuzi akasimamisha pambano.

Swali langu la leo ni hili: magoti yale yalikuwa yakiogopa nini?

Jibu la haraka ni ngumi za Frazier, na si la kupuuzwa. Mwili unapohisi hatari humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, tumbo husokota, mikono hupoa kwa sababu damu imekimbilia misuli mikubwa. Lakini waulizeni mabondia saa ipi ni mbaya kuliko zote. Wengi watawatajia chumba cha kubadilishia nguo, mahali ambapo hakuna anayempiga mtu. Ngumi ya kwanza ikishatua, wanasema, kazi imeanza na hofu inapungua. Kama kilichokuwa kikiogopwa ni ngumi, hesabu hiyo ingekuwa kinyume chake.

Mtu aliyetueleza jambo hili kwa uwazi kuliko wote ni Floyd Patterson, na naomba mnivumilie nikae naye kidogo. Alizaliwa 1935, akakulia Brooklyn katika ufukara. Alikuwa mtoto mwenye haya iliyopita kiasi. Alikuwa akijificha kwenye kibanda cha mafundi ndani ya mahandaki ya treni za New York, na picha yake iliyokuwa ukutani nyumbani aliikwaruza kwa alama za X. Mtoto huyo alifika mikononi mwa kocha Cus D'Amato, akatwaa dhahabu ya Olimpiki huko Helsinki mwaka 1952, na mwaka 1956, akiwa na miaka 21, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwenye umri mdogo kuliko wote waliomtangulia. Mwaka 1959 Ingemar Johansson wa Sweden alimwangusha mara saba katika raundi ya tatu. Mwaka uliofuata Patterson aliurudisha ubingwa, jambo ambalo hakuna bingwa wa uzito huo aliyekuwa amewahi kulifanya, na Johansson alipolala pale chini hajitambui, Patterson alimpigia magoti na kumkumbatia.

Kisha akaja Sonny Liston. Septemba 1962, mjini Chicago, Liston alimmaliza Patterson kwa dakika mbili na sekunde sita. Patterson aliondoka uwanjani akiwa amebandika ndevu na masharubu ya bandia, akasafiri kwa gari usiku kurudi New York. Baada ya hapo alipanda ndege kwenda Madrid, akawa anatembea mitaani akichechemea kama mzee ili asitambuliwe. Ndevu zile hazikununuliwa baada ya kushindwa. Zilikuwa tayari kabla ya kengele kulia.

Mtu anayeandaa ndevu kabla ya pambano amekwisha kuitazama hofu yake usoni, na hofu hiyo haikuwa mkono wa kushoto wa Liston. Ilikuwa safari ya kurudi nyumbani, mlango wa hoteli, watu kumtazama. Hata hivyo alipanda ulingoni. Julai 1963 alipanda tena kwa Liston yuleyule, akadumu sekunde nne tu zaidi. Alimweleza haya yote mwandishi Gay Talese, na katika makala iliyotoka kwenye jarida la Esquire mwaka 1964 alifikia kujiita mwoga kwa kinywa chake. Mimi namkatalia. Hakuna bingwa mwingine ninayemjua aliyepeleka hofu yake gazetini huku bado anaishi kwa ngumi zake.

D'Amato alikuwa mwalimu wa hofu. Aliwafundisha vijana wake kwamba shujaa na mwoga wanahisi kitu kilekile, tofauti iko kwenye wanachofanya. Kwamba hofu ni moto, ukiutawala unakupikia, ukikuzidi unakuchomea nyumba. Ni mafunzo mazuri, na yamerudiwa hadi yamechakaa. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba D'Amato huyohuyo hakutaka kabisa Patterson apambane na Liston. Patterson ndiye aliyeamua, kinyume na kocha wake, kwa sababu bingwa anayemkwepa mpinzani anayestahili huwa amekwisha kushindwa machoni pa watu. Mwalimu aliogopa kipigo, mwanafunzi akaogopa aibu. Nadhani mwanafunzi ndiye aliyeijua zaidi kazi hiyo.

Miaka ishirini baadaye D'Amato alikuwa na kijana mwingine, Mike Tyson. Ipo filamu ya mwaka 1982, kwenye mashindano ya vijana nchini Marekani. Tyson yuko nje ya ukumbi, analia begani kwa kocha Teddy Atlas, anasema ametoka mbali na kwamba sasa watu wanampenda. Msikilizeni vizuri: hamtaji mpinzani wake hata kidogo. Aliingia ndani akashinda. Mwaka 1986 aliivunja rekodi ya umri ya Patterson.

Sasa tugeuze upande. Ikiwa mpiganaji anaogopa macho ya watu, macho hayohayo yanaweza pia kuwa ngao yake. Sisi wa lugha hii tumelijua hilo zamani kupitia kisa cha shujaa Fumo Liyongo. Mnakumbuka: mwanawe mwenyewe alihongwa, akamchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo aliamka, akachukua upinde na mishale, akaenda kisimani, akapiga goti na kuuvuta upinde, akafa katika hali hiyo. Mji mzima ukakosa maji. Hakuna aliyethubutu kusogea, na mama yake alipoletwa alimbembeleza akidhani mwanawe ana hasira. Aliyeuweka mji chini ya ulinzi alikuwa maiti. Kisa hakituambii kama Liyongo aliwahi kuogopa, na hilo ndilo pengo la visa vyote vya mashujaa: tunapewa hofu ya waliomtazama, hatupewi ya kwake.

Cassius Clay, kabla hajawa Muhammad Ali, aliielewa mbinu hiyo vizuri. Asubuhi ya kupima uzito kabla ya kupambana na Liston mjini Miami, Februari 1964, alipiga kelele na kurukaruka hata daktari wa tume ya ngumi akamkuta na mapigo ya moyo 120 kwa dakika, wakati kawaida yake ilikuwa 54. Daktari alitangaza kwamba kijana ana hofu ya kufa. Baadaye siku hiyohiyo mapigo yalikuwa yametulia. Je, ilikuwa maigizo? Watu wengi hupenda kusema hivyo na kuishia hapo. Lakini Ali mwenyewe alikuja kukiri kwamba Liston alimtisha kweli, na kwamba kengele ilipolia hakuwa na njia nyingine ila kwenda mbele. Naona yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja: aliigiza wazimu, na wazimu huo ukaibeba hofu yake halisi hadi jioni. Liston aligoma kuinuka kwenye kiti chake kabla ya raundi ya saba.

Miaka kumi baadaye, Kinshasa, aliyekuwa amevuta upinde kisimani ni Foreman: mapambano 40, ushindi 40, nokauti 37. Katika chumba cha Ali, usiku ule wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974, watu wake mwenyewe walikaa kimya kama waliofiwa, ikabidi yeye ndiye awachangamshe. Mwandishi Norman Mailer, aliyekuwa karibu na ulingo, alisimulia kwamba raundi ya kwanza ilipoisha aliona, kwa mara ya kwanza, hofu machoni mwa Ali. Ali alikuwa amempiga Foreman kwa mkono wa kulia mara nyingi, na Foreman hakutikisika. Kilichofuata kinajulikana kila kijiwe: Ali aliegemea kamba, akajikunyata, akamwachia mwenzake apige hadi mikono ikaishiwa, akamwangusha raundi ya nane.

Mimi huvutiwa zaidi na wiki zilizotangulia. Ali alizunguka, akaongea na kila mtu, akawafundisha watu kushangilia jina lake. Foreman alishuka Zaire na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, wa aina ileile ambayo wakazi waliikumbuka kwa polisi wa kikoloni wa Wabelgiji. Pambano lilipoanza, kabla ya saa kumi na moja alfajiri ili liwahi televisheni za Marekani, uwanja wa 20 Mei ulikuwa upande mmoja tayari. Ali alikuwa amehakikisha kwamba macho yote yale, hata akipigwa, yangemwona kama ndugu.

Roberto Durán wa Panama ni mfano mgumu zaidi. Hakuna aliyewahi kudai kwamba Durán anaogopa ngumi. Juni 1980 alimshinda Sugar Ray Leonard mjini Montreal kwa kumkaba na kumpiga kwa raundi 15. Novemba, huko New Orleans, Leonard hakumkabili kwa nguvu, alimcheka. Alimzungushia mkono, akamtolea uso, akamfanya kichekesho mbele ya ukumbi mzima. Katika raundi ya nane Durán aligeuka akaacha pambano. Alizungumzia maumivu ya tumbo, na huenda yalikuwepo, lakini kicheko kilikuwa kimetangulia.

Mfano wa kinyume ni Miyamoto Musashi, mpiga upanga wa Japani wa karne ya 17, anayesifiwa kwa zaidi ya mapambano sitini bila kushindwa. Katika kitabu chake, Gorin no Sho, aliandika kwamba alipofika miaka thelathini aliyatazama yote hayo na kuona hakushinda kwa kuwa ameifahamu sanaa. Pengine ilikuwa kipaji tu, au udhaifu wa wenzake. Huyo alijitazama mwenyewe bila kuwaazima watu macho. Ni nadra.

Wahenga wamesema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Robert Wangila alishinda huko Seoul mwaka 1988 medali pekee ya dhahabu ya Kenya katika ndondi za Olimpiki. Julai 1994, Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake. Wangila akalalamika kwamba angeweza kuendelea. Alizimia muda mfupi baadaye, akafariki hospitalini. Alikuwa na nguvu za kulalamika na ubongo uliokuwa ukivuja damu, vyote pamoja, na hakuna kocha wala shabiki anayeweza kuona hilo kwa macho.

Ndiyo maana kwangu mtu muhimu kuliko wote katika mhadhara huu hakuvaa glovu siku ya pambano. Oktoba 1975, karibu na Manila, baada ya raundi 14 za joto kali dhidi ya Ali, jicho la kulia la Joe Frazier lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na la kushoto lilikuwa na ugonjwa tangu zamani. Kocha wake Eddie Futch, aliyewahi kushuhudia mabondia wakiuawa na ngumi, alimwambia basi. Frazier alipinga, akataka kuinuka. Futch alimkalisha na kusimamisha pambano, akijua kwamba neno la kukata tamaa litaandikwa kwenye jina la Frazier. Baadaye alisema hakujuta. Frazier hakuukubali uamuzi ule moyoni, na aliendelea kusema kwamba angetoka kwa raundi ya 15. Alipata miaka 36 zaidi ya kulalamika.