Chui wa Jirani

Dominika ya 19 ya Mwaka A
Masomo: 1 Fal 19:9a, 11-13a, Rum 9:1-5, Mt 14:22-33



Injili ya leo yatupeleka ziwani, saa za mwisho za usiku. Mitume wamo chomboni, upepo wa mbisho unawapiga, mikono imechoka kwa kasia. Mara wanaona umbo linakuja juu ya maji. Hawaulizi ni nani. Wanapiga kelele kwa hofu na kusema kwamba ni mzuka. Tulizingatie jambo hili: yule waliyemwita mzuka ndiye aliyekuwa anakuja kuwaokoa.

Sisi tukaao Unguja hatuna haki ya kuwacheka mitume. Kisiwa chetu nacho kina misitu yake, na misitu hiyo ina visa vyake.

Kiasi cha kilomita 35 kutoka Mji Mkongwe, upande wa kusini-mashariki, uko msitu wa Jozani. Humo anaishi kima mwenye mgongo mwekundu, uso mweusi, na nywele nyeupe zilizouzunguka uso huo kama mvi za mzee. Ukimkuta ghafla juu ya tawi, akikutazama kimya, waweza kudhani umeonana na mtu wa msituni. Duniani kote hupatikana Zanzibar tu. Wazee walimwita kima punju, yaani kima wa sumu. Ilisemwa kwamba mti anaoukalia hunyauka, na kwamba mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Wakulima walimlaumu pia kwa kuwamalizia nazi changa.

Baadaye walitokea watu waliokaa chini ya miti wakamtazama kwa subira. Waliona anakula majani ya mkungu na ya mwembe, ambayo yana vitu vichungu visivyofaa tumboni, kisha anakwenda kutafuna makaa yaliyoachwa na wachoma mkaa, na makaa hayo huvinyonya vitu vile. Kumbe yule aliyeitwa sumu alikuwa akijitafutia dawa ya sumu! Tena, mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi kuhusu nazi. Ilionekana kwamba minazi ambayo kima huyu alikula vidaka vyake haikupungukiwa na mavuno. Mavuno yake yaliongezeka kidogo, kana kwamba mnazi umepogolewa. Mkulima alimfukuza kwa mawe aliyekuwa akimsaidia kazi.

Kima punju alipata bahati. Msitu wake ukawa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, na kwenye barabara ipitayo hapo pakajengwa matuta ili magari yasimgonge. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata kima zaidi ya 5,800.

Chui wa Unguja hakupata bahati hiyo. Alikuwa mdogo kuliko chui wa bara, na madoa yake yalikuwa ya namna yake. Lakini watu walisema wako chui wa aina mbili: chui wa mwitu na chui wa kufugwa. Huyu wa pili, walisema, ana mwenyewe. Ni mchawi anayemlisha kwa siri na kumtuma usiku kwa adui zake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ulifanyika msako mkubwa ulioongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Msako huo uliwaandama chui, na uliwaandama pia watu waliodaiwa kuwafuga. Katika miaka ya 1990 wataalamu walipomtafuta chui msituni, hawakuweza kuthibitisha kwamba yu hai. Picha ya mnyama kama chui iliyonaswa na kamera mwaka 2018 haikulimaliza swali hilo. Kilichobaki kwa hakika ni ngozi chache katika nyumba za makumbusho.

Ndugu wapendwa, chui anaweza kwisha, lakini lile neno "mfuga chui" halikwisha pamoja naye. Tunaomba ruhusa ya kusema jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Palikuwa na mzee mmoja aliyeishi peke yake mwisho wa kijiji, mahali ambapo mashamba yanakutana na msitu. Watu walinong'ona kwamba anafuga. Watoto walikatazwa kumpelekea maji. Katekista wetu alitujia mara mbili kutuambia kwamba mzee ni mgonjwa na hana mtu. Nasi tulikawia. Hatukumwogopa chui, tuliogopa maneno ya waamini, kwamba padri ameonekana akiingia nyumba ile. Tulipokwenda hatimaye, tulibisha hodi, na sauti dhaifu ikajibu kutoka ndani: "Karibu, padri. Chui hayupo, ingia tu." Ndani tulikuta kitanda cha kamba, chungu kitupu na paka. Kumbe mzee alijua yote yaliyosemwa juu yake, na alikuwa ameyajua miaka mingi. Tulimpa maji. Hatukuwa na neno jingine la kumwambia ila kumwomba radhi.

Mnaona, basi, hofu inavyofanya kazi. Huanza na kitu cha msituni tusichokijua. Lakini kitu cha msituni kiko mbali, hakishikiki. Hivyo hofu humtafuta aliye karibu, asiye na wa kumtetea: mjane, mzee, mgeni, mgonjwa wa akili. Mwaka 1995, habari za Popobawa zilipovuma Pemba na Unguja, watu wengi waliacha vyumba vyao wakalala nje kwa makundi. Hapa mjini Zanzibar, mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani kuwa ndiye. Popobawa hakukamatwa. Aliyekufa alikuwa mwana wa mtu.

Je, Bwana aliwafanyia nini mitume? Hakuwakaripia kwa kupiga kelele. Aliwasikilizisha sauti yake kwanza, wamtambue. Petro naye akafanya jambo la busara katika hofu yake: aliomba kumwendea. Hofu ya kweli ya mitume ilikwisha walipokuwa na Yesu ndani ya chombo kimoja, wakamtazama uso kwa uso. Na Eliya katika somo la kwanza hakumkuta Mungu katika upepo wa kuvunja miamba, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali katika sauti ndogo ya utulivu. Atakaye kuisikia sauti hiyo hana budi kuacha kelele.

Kwenu makatekista, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, msiwadhihaki wanaoogopa, wawe Wakristo au jirani zetu Waislamu. Mwenye hofu ya usiku anahitaji mtu wa kukesha naye. Pili, jina la mtu likianza kutajwa kwa minong'ono, nendeni nyumbani kwake mchana, mbele ya macho ya watu, mkanywe maji yake. Ziara moja ya namna hiyo yaweza kuokoa uhai. Tatu, msikawie kama tulivyokawia sisi.

Na sisi sote, wiki hii, tujiulize: ni nani tuliyempa jina la mnyama bila kumkaribia? Huenda yeye ndiye ambaye Bwana anamtumia kuja kwetu juu ya maji, na sisi tumo chomboni tunapiga kelele.

Ee Yesu, utuondolee hofu inayomsingizia jirani. Utupe moyo wa kubisha hodi. Amina.