Nani Anatembea na Kijana Aliye Mbali na Kwao?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wazee, wazazi na viongozi wa kambi



Tunajua kila aliye hapa ameacha kitu: maji, kuni, au kibarua cha siku.

Siku chache zilizopita mama mmoja alituuliza swali. Alisema: «Mtoto wangu amefikisha miaka 18. Shule imekwisha, shamba liko kule tulikokimbia, baba yake hayupo. Asubuhi anatoka, usiku anarudi, na sijui alikuwa na nani. Ninyi watu wa amani, mnajua alikuwa na nani?» Hatukuwa na jibu. Hotuba hii imetokana na swali la mama huyo.

Tulianza kuuliza: ni watu gani wamezoea kukaa na vijana wa umri huo walio mbali na wazazi wao? Leo tutazungumza juu ya uzoefu wa Wayahudi. Wengi wetu tunawajua kwa Biblia tu. Waliotoka Lubumbashi wameona pia sinagogi yao, iliyojengwa mwaka 1930. Katika jamii za Wayahudi za Marekani, Uingereza, Afrika Kusini, Australia na kwingineko kuna desturi hii: kijana akimaliza sekondari, kabla ya kuingia chuo kikuu, anaweza kwenda ugenini kwa miezi kama tisa, mara nyingi Israeli. Huko anajifunza lugha na historia, anaishi na wenzake na kufanya kazi ya kujitolea: kufundisha watoto, kulima, hata kusaidia katika gari za wagonjwa. Programu moja ya namna hiyo, Year Course ya chama cha Young Judaea, ilianza mwaka 1956.

Hali yao si hali yetu. Wale wana pasipoti, wazazi wengi wanalipa, na njia ya kurudi nyumbani iko wazi. Vijana wetu hawakuchagua safari yao. Kwa hiyo hatuwaletei mfano wa kuiga katika kila jambo. Tunataka tuangalie kitu kimoja tu: mtu anayekaa na kijana.

Mwonyesha njia

Mtu huyo kwa Kiebrania anaitwa madrich, na akiwa mwanamke madricha. Neno hilo ni ndugu wa neno derekh, maana yake njia. Si bwana mkubwa, si askari, si mwalimu mwenye fimbo. Ni mtu aliyetangulia kidogo njiani, kisha akageuka kuwangoja wenzake. Mara nyingi ana miaka ishirini na kitu. Kazi hiyo inafundishwa: tangu mwaka 1946 kuna chuo Yerusalemu kinachowafunza viongozi wa vijana wanaotoka nchi mbalimbali.

Tena, sehemu kubwa ya uzoefu huo ilipatikana kwa watoto waliokimbizwa. Mwaka 1933, Hitler alipotwaa mamlaka Ujerumani, mama mmoja wa Berlin, Recha Freier, alianzisha kazi ya kuwatoa vijana wa Kiyahudi katika nchi ile. Henrietta Szold aliongoza kazi ya kuwapokea kule Palestina. Wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Waliishi katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na mlezi wake. Mwaka 1953 kilianzishwa kijiji cha vijana cha Yemin Orde, juu ya mlima Karmeli, kwa ajili ya yatima na watoto waliokimbia. Kutokana na mfano wa kijiji hicho, mwaka 2008 kilifunguliwa kijiji cha Agahozo-Shalom nchini Rwanda, kwa ajili ya vijana yatima. Tunajua kwamba kulitaja jina la nchi hiyo hapa kunaamsha maumivu kwa wengi. Tunalitaja kwa sababu yatima ni yatima, upande wowote wa mpaka.

Mambo matatu tuliyojifunza

La kwanza: mlezi anakaa. Analala katika jengo lile lile na vijana, au karibu nalo. Anajua nani halali usiku, nani ameacha kula, nani hajapiga simu kwao. Lakini habebi kila kitu peke yake. Nyuma yake kuna wafanyakazi wengine: anayeshughulikia afya, anayeshughulikia usalama na safari, walimu, na mtu wa kusikiliza wenye majeraha ya moyo. Jambo linalomzidi halifichi, analipeleka kwa anayeliweza. Na kuna mpaka usiovukwa: mlezi hawi mpenzi wa anayemlea, wala hatoi msaada ili alipwe kwa mwili. Wamama mnajua kwa nini tunalisema hili mbele ya watu wote.

La pili: mlezi hashiki mfuko. Katika chama cha Habonim Dror, vijana walio katika mwaka huo wana desturi ya kuweka fedha pamoja na kuamua wenyewe zitumikeje: chakula, safari, mahitaji ya mgonjwa. Wanagombana, wanakosea hesabu, wanarudi kukaa chini. Mlezi anauliza maswali, lakini haamui kwa niaba yao. Sisi tunaijua likelemba, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Geni ni kumwachia kijana wa miaka 18. Sisi wakubwa tunamwita aje kubeba viti vya mkutano, kisha tunamfukuza mkutano unapoanza.

La tatu ndilo gumu: mlezi anasema ukweli juu ya vita. Vijana wale wanafika katika nchi yenye mgogoro. Wapo Wayahudi wenyewe wanaolalamika kwamba programu nyingi zinawaonyesha upande mmoja tu, kana kwamba Wapalestina hawana historia wala machozi. Wengine wamejaribu njia nyingine. Programu ya Kivunim, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Peter Geffen, iliwafundisha vijana Kiebrania na Kiarabu pamoja, na kuwakutanisha na watu wa pande zote. Si kazi rahisi. Kijana anayesikia uchungu wa jirani anarudi usiku na maswali, na mlezi lazima awe macho kuyapokea.

Kisha tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas waliishambulia Israeli. Watu wapatao 1,200 waliuawa, na 251 wakachukuliwa mateka. Vita iliyofuata iliua makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza. Siku zile walezi walikuwa na vijana mikononi mwao: kuwahesabu, kuwaingiza mahali pa kujificha, kuwajibu wazazi waliokuwa wakilia kwenye simu. Vijana wengine walirudishwa kwao, wengine walibaki na kujitolea. Hapo ndipo kazi ya mlezi ilipoonekana wazi. Watu hawakuuliza ana cheo gani. Waliuliza kama anajua kila mmoja wao yuko wapi.

Kosa letu

Sasa turudi kwetu, na tuanze na sisi wenyewe. Tuligawa mipira na jezi. Tulitundika kitambaa chenye maneno ya amani, tukapiga picha na vijana wa makabila yote wamekumbatiana. Picha zilikuwa nzuri. Lakini kwa sheria zetu za usalama, saa kumi jioni gari letu linaondoka. Wale wanaotafuta vijana wa kubeba silaha hawana haraka. Wao wanakuja saa moja usiku, wakati kijana ana njaa na hana wa kuongea naye. Wanamwita kwa jina lake. Wanamwuliza habari za mama yake. Ndugu zetu, wale ndio waliokuwa wakifanya kazi ya mlezi, na sisi tulikuwa tumeshalala.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini vita ikimnyang'anya kijana mama, je, tuuachie ulimwengu kazi hiyo?

Tunachowaomba

Hatuleti mradi mpya wenye jina. Tunawaomba mzungumze juu ya mambo haya katika barza zenu:

1. Kila sehemu ya kambi ichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, ambao familia zote zinawaamini, si za kabila moja tu. Wawe watu wanaolala kambini.

2. Kila wawili wachukue vijana wachache, wasiozidi wale wanaoweza kuwajua kwa majina na kwa shida zao. Wakutane nao jioni, si mchana tu.

3. Vijana wapewe kazi yenye hesabu: zamu ya maji, salongo ya mifereji, mfuko mdogo wa wagonjwa. Waachwe wakosee, kisha waulizwe.

4. Walezi wawe na mahali pa kupeleka mambo yanayowazidi, na kijana awe na mahali pa kumshtaki mlezi anayemkosea.

Kwa upande wetu, tutawafunza walezi hao na kuketi nao kila wiki. Msituulize idadi ya mipira tuliyoleta. Tuulizeni kama tulikuja.

Mama aliyetuuliza lile swali yuko hapa leo. Mama, bado hatujui mtoto wako alikuwa na nani jana usiku. Tunatamani siku moja usihitaji kutuuliza sisi, kwa sababu utakuwa na jirani wa kumwuliza, naye atakujibu: «Alikuwa nasi.»