Ndege Nyuki Hufuata Namba: Pima Vizuri Kabla Haijaruka

Leo tutazungumza habari ya ndege nyuki, yaani ile ndege ndogo isiyo na rubani, ambayo wengine huiita droni. Najua wengi wenu hapo Singida mmekwisha kuiona au kusikia habari zake. Wengine mnadhani ina akili yake yenyewe, ikifika shambani hujua wapi inyunyizie dawa na wapi iache. Sivyo hivyo. Ndege hii haijui shamba lako, wala haijui mtama wala alizeti. Inachojua ni namba tu. Ukiipa namba za kweli inafanya kazi nzuri sana. Ukiipa namba za uongo inakwenda huko huko kwenye uongo, tena bila kusita.

Kwanza tukumbushane kwa nini jambo hili linatuhusu. Ninyi wa Singida mnalima mtama na uwele, na adui yenu mkubwa wakati wa kukomaa ni kwelea kwelea. Ndege huyu mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo, hazijazi hata kiganja. Lakini je, yeye huja peke yake? Wakija milioni moja, wanamaliza tani 10 kwa siku moja, yaani magunia 100 ya kilo mia mia. Familia inaamka alfajiri, watoto wanaacha shule wakawinge ndege, na bado suke linabaki makapi.

Zamani dawa ya kuwaua ilimwagwa na ndege kubwa zenye rubani. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962, limefanya kazi hiyo miaka mingi katika nchi zetu. Siku hizi Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Arusha, inatumia pia ndege nyuki. Faida yake ni kwamba inaweza kuruka chini na kulenga kichaka kimoja tu wanamolala kwelea kwelea. Lakini ili ilenge kichaka hicho, lazima mtu aiambie kiko wapi. Na mtu anayejua kichaka hicho ni nani? Ni wewe, mkulima, au ni mchungaji anayepita pale kila jioni. Kwa hiyo kazi ya ndege nyuki inaanzia kwako.

Sasa sikiliza vizuri. Kila mahali duniani pana anwani yake ya namba mbili. Namba ya kwanza ni latitudo, inaonyesha uko umbali gani kusini au kaskazini ya Ikweta. Namba ya pili ni longitudo, inaonyesha uko umbali gani mashariki au magharibi ya mstari wa Greenwich, Uingereza. Mafundi wanaziita namba hizi koodinati au viwianishi. Mji wa Singida, kwa mfano, uko karibu na nyuzi 4.8 kusini na nyuzi 34.7 mashariki. Simu janja yenye GPS inaweza kukuonyesha namba hizi ukiwa umesimama penyewe. Kama huna simu ya namna hiyo, mwombe bwana shamba au bibi shamba aje nayo, mtembee pamoja.

Fundi akishapata namba, anaziingiza kwenye kompyuta au simu yake moja baada ya nyingine. Kila jozi ya namba inakuwa kituo cha njiani. Ndege inatoka nyumbani, inakwenda kituo cha kwanza, halafu cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho, kisha inarudi ilikotoka. Fundi amesimama na kuitazama tu, tayari kuishika ikienda kombo.

Mnaolima kwa plau na maksai mtalielewa jambo hili upesi. Mnaanza pembeni ya shamba, mnakwenda mpaka mwisho, mnageuza maksai, mnarudi kando ya mfereji wa kwanza. Ndege nyuki inafanya vivyo hivyo hewani. Tofauti ni kwamba maksai wakikuta kisiki wanasimama. Ndege nyingi haziwezi kutegemewa kuona kila kisiki.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna kichaka au shamba lenye urefu wa mita 200 na upana wa mita 100, yaani hekta 2, karibu ekari 5. Pembe ya kwanza iko latitudo 4.90000 kusini, longitudo 34.60000 mashariki. Ukienda mashariki mita 200, longitudo inakuwa 34.60180. Ukishuka kusini mita 100, latitudo inakuwa 4.90090. Tumepataje? Nyuzi moja ni karibu kilomita 111, na kwetu karibu na Ikweta ni hivyo hivyo kwa pande zote mbili. Kwa hiyo tarakimu ya tano baada ya nukta ni kama mita moja tu, ya nne ni kama mita 11, na ya tatu ni kama mita 111. Ndiyo maana nawaambia andikeni tarakimu zote tano. Ukiishia na mbili tu, umetaja eneo lenye upana wa kilomita nzima.

Sasa tupige hesabu ya safari. Ikiwa ndege inanyunyizia ukanda wa mita 5, upana wa mita 100 unahitaji mikondo 20. Kila mkondo mita 200, jumla mita 4,000. Ikienda mita 5 kwa sekunde, hizo ni sekunde 800, yaani dakika 13 na zaidi, kabla hujahesabu kugeuza. Lakini ndege nyingi za kunyunyizia zikiwa na mzigo huruka kama dakika 10 tu kwa betri moja. Kwa hiyo safari lazima igawanywe mara mbili, na vituo vya kila safari vipangwe mapema. Asiyepiga hesabu hii ataona ndege inakatisha kazi katikati, nusu ya kwelea kwelea wamebaki, na kesho wako kwenye mtama wako.

Basi nikutajie makosa ambayo huharibu kazi, ili uyajue na kuyakataa.

Kosa la kwanza ni kubadilisha tarakimu. Ile 34.60180 ukiiandika 34.61080, macho hayaoni tofauti. Lakini umekwisha hamisha pembe ya shamba karibu kilomita moja mashariki. Huko kilomita moja kuna nini? Labda pana lambo la kijiji, labda nyumba ya jirani, labda mizinga ya nyuki. Dawa ya kuua ndege haiulizi.

Kosa la pili ni kusahau kusini. Kwenye mashine nyingi, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba. Ukiisahau, Singida inahamia upande wa pili wa Ikweta, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini, huko karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Na ukitanguliza longitudo mahali pa latitudo, unaweza kujikuta kwenye ramani ya Moroko. Makosa haya ni makubwa, na kwa bahati nzuri fundi huyaona mara moja. Ya kuogopa zaidi ni yale madogo.

Kosa la tatu ni kuchanganya dakika na desimali. Nyuzi 4 na dakika 49 si 4.49. Nyuzi moja ina dakika 60, kama saa. Gawa 49 kwa 60, utapata 0.817, kwa hiyo jumla ni 4.817. Aliyeandika 4.49 amekosea kwa kilomita 36 hivi.

Kosa la nne ni la wenye ramani za zamani. Ramani nyingi za karatasi za nchi yetu zilipimwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960. GPS inatumia msingi mwingine, unaoitwa WGS 84. Mahali ni pale pale, lakini namba zinatofautiana, na kwa huku kwetu tofauti ni kama mita 300. Mita 300 ni kutoka kichakani mpaka uani kwa mtu. Kwa hiyo ukimpa fundi namba kutoka kwenye ramani au hati ya zamani, mwambie umezitoa wapi. Au fanya jambo bora zaidi: nenda ukasimame penyewe, upime upya.

Ukipima, simama mahali peupe. Chini ya mbuyu au kando ya jabali, simu hupokea vibaya habari za setilaiti. Ngoja dakika moja au mbili namba zitulie. Hata hapo simu inaweza kukosea mita 5 au zaidi, kwa hiyo acha nafasi ya kutosha kati ya mpaka wa kunyunyizia na kitu unachokilinda. Ukiwa unatoa namba kwa simu, zisome tarakimu moja moja, na anayepokea azirudie. Usione haya kurudia.

Namba mbili hizo ni za kulia na kushoto, mbele na nyuma. Bado kuna ya tatu, nayo ni ya kwenda juu. Singida ina majabali na vilima, ninyi mnavijua. Ndege nyingi huhesabu urefu kutoka pale ziliporukia. Tuseme imerukia bondeni na imeambiwa ikae mita 20 juu. Mbele ardhi ikipanda mita 25, ndege inaingia kwenye jabali. Tena, kati ya kituo na kituo ndege hupita mstari ulionyooka, haizunguki mti wala waya wa umeme. Hata njia ya kurudi betri ikipungua ni mstari ulionyooka. Kwa hiyo mtembeze fundi. Mwonyeshe mti mrefu, mwonyeshe nguzo za umeme, mwonyeshe mnara. Yeye ni mgeni, wewe ndiye mwenyeji.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Dawa inayotumika kwa kwelea kwelea ni sumu kali. Ninyi wa Manyoni na Itigi mnaishi kwa asali. Mzinga mmoja ukipatwa na sumu, nyuki wanakufa wote, na mwenye mzinga hana wa kumlipa kirahisi. Kwa hiyo, kabla ya siku ya kazi, kijiji kikae. Kila mwenye mizinga ataje ilipo, ipimwe namba, na mahali hapo pawekwe katika mpango kama pasipopitika. Vivyo hivyo malambo, visima, na mahali pa kunyweshea ng'ombe. Usifiche mzinga wako eti umeuweka kwenye msitu usioruhusiwa. Ukiuficha, fundi hataukwepa.

Kumbuka pia upepo. Singida ni mkoa wa upepo, hata mipango ya kuzalisha umeme kwa upepo imekuwako miaka mingi. Kwelea kwelea hunyunyiziwa jioni wanaporudi kulala. Upepo ukiwa mkali kazi iahirishwe, hata kama namba zote ni sahihi, kwa sababu matone hayafuati namba. Na asubuhi yake, tafadhali, msiokote ndege waliokufa kwa kitoweo. Najua wengi huwapenda kwelea kwelea wa kukaanga. Lakini wale wana sumu. Waelezeni watoto mapema.

Pengine kijana wako atakwambia, "Baba, tununue ya kwetu." Si vibaya, lakini ndege hizi zina sheria. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2018, na anayesimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Lazima ndege isajiliwe na mrushaji apate kibali. Usiirushe kwanza halafu ukaulize baadaye, hasa jirani na uwanja wa ndege.

Na usidhani kazi hii imetuzidi kimo. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzirusha. Mwaka 2018, kwa majaribio, dawa za hospitali ziliruka kutoka Mwanza mpaka kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Viktoria, kwa dakika 40 hivi. Zote zilifuata namba zilizopangwa na watu kabla ya kuruka.

Basi, ndugu mkulima, tukumbuke. Simama penyewe upime. Andika tarakimu zote tano. Taja kusini. Soma mara mbili. Taja miti, nyaya, maji na mizinga. Mwulize fundi akuonyeshe njia yote kwenye ramani kabla ndege haijainuka, na ukiona mstari unapita juu ya nyumba ya mtu, sema. Usinyamaze kwa sababu yeye ni mtaalamu. Mashine ni yake, lakini mtama ni wako na jirani ni wako.