Ng'ombe, Mbwa na Msitu wa Watu Wote

Leo napenda tuzungumze juu ya ng'ombe. Simkusudii ng'ombe wa Wamasai wala wa Wasukuma, ambaye habari zake wengi wenu mnazijua kunishinda. Namkusudia ng'ombe wa London.

Naam, mmesikia sawasawa. Kaskazini-mashariki ya jiji hili upo msitu wa kale uitwao Epping. Huanzia karibu na mitaa ya Manor Park na Forest Gate, ambako nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, ukaendelea kwa kiasi cha kilomita 19 hadi ndani ya jimbo la Essex. Ukubwa wake ni hekta 2,400 hivi. Mna mialoni iliyoishi mamia ya miaka, mna mabwawa, na mna nyanda za majani zilizo wazi. Si msitu wa lango na tiketi. Mtu huingia apendapo, na wengi wa waingiao huwa wamefuatana na mbwa.

Katika sehemu kadha za msitu huo hulishwa ng'ombe wa aina ya English Longhorn, wekundu kwa kahawia, wenye mstari mweupe mgongoni na pembe ndefu zilizopinda. Aghalabu huoni ua uliowazunguka wala mchungaji aliyesimama na fimbo.

Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa napita huko nikamkuta bibi mmoja amesimama katikati ya njia, kamba ya mbwa wake ameizungusha mara mbili mkononi. Mbele yake, kadiri ya hatua thelathini, ng'ombe watatu walikuwa wanakula majani yao bila habari. Nikamwamkia. Akaniuliza kama nawaogopa ng'ombe wale. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nikipishana na ng'ombe na mbuzi hata katika kiwanja cha mpira. Ninayemwogopa ni mbwa wake. Tukacheka sote wawili. Kisha akaniambia jambo lililonikaa moyoni. Tangu mumewe alipofariki amekuwa akipita njia ile kila siku, mbwa akikimbia huru mbele yake, na huo ndio wakati pekee wa siku anapopata mtu wa kuzungumza naye. Sasa bango linamtaka amfunge mbwa kamba kwa ajili ya wageni wenye pembe. "Pale ni petu," alisema. "Hawa wameletwa tu."

Wasikilizaji, maneno hayo si ya kudharauliwa. Katika nchi hii mbwa si mlinzi wa kulala nje ya mlango. Kwa watu wengi ni jamaa wa nyumbani, na kwa mpweke huenda akawa ndiye jamaa pekee. Wengi wa wakazi wa mjini hawana hata kiwanja kidogo cha nyuma ya nyumba. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba mahali pa mwisho ambapo mbwa wake angeweza kukimbia pamefungwa, umemgusa penye jeraha. Hata hivyo, katika kuuliza nani mwenyeji na nani mgeni wa Epping, historia ina jibu ambalo bibi yule hakulitarajia, na mimi pia sikulitarajia.

Katikati ya karne ya 19, mabwana wa ardhi waliokuwa wakimiliki sehemu mbalimbali za msitu huo walianza kuzizungushia ua na kuziuza kwa wajenzi wa nyumba. London ilikuwa inatanuka kwa kasi, na msitu ulikuwa unaliwa kipande kwa kipande. Watu wa kawaida hawakuwa na hatimiliki ya kuwazuia. Walichokuwa nacho ni haki ya tangu enzi na enzi: mwenye shamba kandokando ya msitu aliruhusiwa kulisha ng'ombe wake humo, na si katika kipande cha bwana mmoja tu, bali msitu mzima.

Ikatokea kwamba Halmashauri ya City of London, yaani mamlaka ya kile kitovu cha kale cha biashara cha jiji, ilikuwa imenunua ardhi huko Aldersbrook kwa ajili ya makaburi. Kwa ardhi hiyo, halmashauri ile yenye fedha na mawakili ikajikuta nayo ni miongoni mwa wenye haki ya malisho. Mwaka 1871 ikawashtaki mabwana wale. Mwaka 1874 Jaji George Jessel akaamua kwamba nyua zile zilikuwa zimewekwa kinyume cha sheria, kwa sababu zilizuia ng'ombe kupita. Mwaka 1878 ikatungwa Sheria ya Msitu wa Epping, na mwezi Mei mwaka 1882 Malkia Victoria akafika mwenyewe kuukabidhi msitu kwa wananchi.

Tafakarini hayo. Msitu haukuokolewa kwa sababu ya uzuri wa miti yake, wala kwa sababu watu walipenda kutembeza mbwa. Uliokolewa kwa haki ya ng'ombe kula majani. Lau si huyo ng'ombe, pale ambapo bibi yule hupita kila asubuhi pangekuwa leo ni safu za nyumba.

Ng'ombe wenyewe waliendelea kuonekana kwa zaidi ya miaka mia moja. Wakazi wa Wanstead wenye umri mkubwa wanakumbuka walivyokuwa wakijitembelea barabarani, magari yakiwangojea. Mwaka 1996, ulipofikia kilele mzozo wa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, wakaondolewa. Walirejeshwa mwaka 2002, kidogo kidogo, wakisimamiwa na halmashauri ile ile.

Mtu atauliza: ya nini kuwarejesha, ilhali mashine za kukata majani zipo? Hapa yafaa tuelewe kazi ya mdomo wa ng'ombe. Mashine hukata kila kitu kwa kimo kimoja na kwa saa moja, ua na mdudu pamoja. Ng'ombe huzungusha ulimi, akang'oa fungu hapa, akaliacha fungu pale. Palipobaki majani marefu, wadudu hujificha. Palipoliwa, mimea midogo hupata jua. Kwato zake hufungua udongo, mbegu zikaota. Samadi yake huwalisha wadudu, na wadudu huwalisha ndege na popo. Uwanda ukiachwa bila malisho, vichaka huusonga, na baada ya miaka michache huwa hakuna tena uwanda. Ajabu ya dunia ni kwamba katika miaka ya ukame mkali, kama vile 2009 na 2017, wafugaji wetu walioingiza mifugo Nairobi kutafuta nyasi za kando ya barabara walionekana ni kero ya mji. Huku, mji unagharimia kumleta ng'ombe ale nyasi zake.

Pamoja na hayo, faida hizo haziondoi shida, na haki yapasa itendeke kwa pande zote mbili.

Upande wa mifugo, mbwa ni hatari ya kweli. Kondoo anayefukuzwa huweza kufa kwa hofu na uchovu hata kama hakung'atwa, na mwenye mimba huweza kuiharibu. Tangu mwaka 1953 ipo sheria ya Uingereza inayomtia hatiani mwenye mbwa anayewasumbua mifugo katika ardhi ya kilimo. Hata kinyesi cha mbwa kina madhara yake, kwani huweza kubeba vijidudu vinavyomfanya ng'ombe atoe mimba. Ndiyo maana pale Hampstead Heath, bustani nyingine mashuhuri ya London inayosimamiwa na halmashauri hiyo hiyo, kondoo watano walipoletwa kwa majaribio mwezi Agosti mwaka 2019, waliwekwa ndani ya ua kwa muda wa wiki moja tu, wakiwa na watu wa kuwaangalia.

Upande wa wapita njia, nao hawaogopi kivuli. Kila mwaka watu wachache huuawa na ng'ombe nchini Uingereza. Wengi wao ni wafanyakazi wa mashamba, lakini miongoni mwa wapita njia waliouawa, aghalabu palikuwapo mbwa na palikuwapo ng'ombe wenye ndama. Ng'ombe mzazi humwona mbwa kama mababu zake walivyomwona mbwa mwitu. Kwa hiyo mwenye busara ya kuleta mifugo katika bustani ya umma huchagua wanyama wapole waliozoea watu, hawaweki pamoja na ndama, na hutangaza mapema wako sehemu gani, ili asiyetaka kukutana nao apite kwingine. English Longhorn, licha ya pembe zake za kutisha, ni maarufu kwa upole.

Sasa tuje kwenye swali la ua. Msitu uliookolewa kwa kubomoa nyua usingependeza kujengewa nyua nyingine. Hapo ndipo ulipokuja ufundi mpya. Ng'ombe huvishwa shingoni ukanda wenye chombo kinachowasiliana na setilaiti. Msimamizi huchora mpaka kwenye simu yake. Ng'ombe akiukaribia, chombo hulia kwa mlio unaopanda; asipogeuka, hupata mshtuko mdogo wa umeme. Baada ya siku chache hujifunza kugeuka asikiapo mlio tu. Ufundi huu wa Norway ulianza kwa mbuzi, nao umeipunguzia Epping haja ya miti na nyaya.

Lakini, wasikilizaji wangu, ukanda ule humzuia ng'ombe asitoke. Haumzuii mbwa asiingie. Haumwoni mnyama aliyemeza mfuko wa plastiki, wala haumwambii kijana aache kumsogelea ng'ombe ili apige picha. Kwetu ng'ombe hawendi malishoni bila mchungaji, hata kama mchungaji mwenyewe ni mtoto wa miaka minane mwenye kijiti. Kazi yake si kuzuia tu, ni kuona. Katika bustani ya umma, mchungaji wa kuajiriwa hawezi kuwapo kila saa. Anayekuwapo alfajiri na jioni, mvua na jua, kila siku ya Mungu, ni mtu mwenye mbwa.

Mji wa Brighton, pwani ya kusini, uliliona jambo hili mapema. Kondoo wanapolishwa katika vilima vya pembezoni mwa mji, halmashauri huwafundisha wakazi wa kawaida kuwa walinzi wa kujitolea. Hupita kila siku, wakawahesabu, wakatazama maji, na wakimkuta kondoo aliyelala chali akashindwa kuinuka, jambo linaloweza kumwua, humgeuza akasimama. Hawalipwi. Lakini muulize mmoja wao kondoo wale ni wa nani, atakwambia bila kusita: ni wetu.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Wazee wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kosa la wasimamizi wengi wa bustani ni kumpa mwenye mbwa amri na kumnyima jembe. Bango humwambia asifanye hili, asifanye lile, kisha hustaajabu anaponuna. Bango lingemwambia pia ng'ombe ni wangapi, kwa nini wako pale, na ampigie nani simu akiona mmoja anachechemea, lingempata mchungaji bila ya mshahara. Na wangetenga sehemu nyingine, iliyo wazi na ya karibu, ambapo mbwa atakimbia bila kamba, wangekuwa wameonyesha kwamba msitu wa watu wote ni wa mpweke naye.

Narudi kwa yule bibi. Nilimsimulia habari ya Jaji Jessel, akanitazama kama aliyesikia kwamba mpangaji wake ndiye mwenye nyumba. Kisha tukapita pamoja, kamba ikiwa fupi, tukiwazunguka ng'ombe kwa mbali na kuwaachia njia ya kuondokea. Nikamwambia na jambo moja ambalo hakulijua, nalo ndilo ushauri rasmi wa nchi hii: ng'ombe akikujia kwa hasira, mwachie mbwa kamba. Ng'ombe humfuata mbwa, na mbwa ana mbio kukushinda wewe.

Yapata wiki mbili baadaye nilimwona tena, kwa mbali. Alikuwa amemsimamisha kijana mwenye mbwa mkubwa mweusi, akimwelekeza kwa mkono apite upande wa mabwawa. "Wako watatu," nilimsikia akisema, "lakini leo nimewaona wawili tu, na nimekwisha piga simu."

Hayo, wapenzi wasikilizaji, ni maneno ya mchungaji.