Mimea ya Nchi Kavu na Akiba Iliyopewa

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, Qur'ani imetuhimiza mara nyingi kuitazama mimea. Basi na tuitazame hii ya mikoa yetu. Mmea uishio majini haujui kiu. Ule wa nchi kavu hauna budi kuyatafuta maji kwa mizizi, kuyapandisha kwa mishipa hadi kileleni, kisha kuyazuia yasipotee. Ndiyo maana jani limepakwa nta, likawekewa vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hujifunga maji yapungukapo. (Nasi twaacha bomba wazi tukitia udhu!)

Apitaye Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, huiona mibuyu. Kiangazi hupukutisha majani yote, kwani majani ndiyo yapotezayo maji mengi, na akiba hubaki katika shina nene lililo laini.

Uwanda wa Kitulo, baina ya Mbeya na Makete, una mtihani wa baridi. Uko juu ya mita 2,500, na usiku wa kipupwe sakitu hutanda. Okidi za huko hazishindani nayo: majani na maua hunyauka, uhai ukabaki kiazini, chini ya ardhi. Kila mwaka mmea huunda kiazi kipya kando ya kile cha zamani, nacho ndicho kitakachochipua mvua zirejeapo.

Kiazi hicho ndicho hupondwa, kikachanganywa na karanga kuwa chikanda, chakula kipendwacho mno Zambia, na biashara yake hupitia Tunduma. Mchimbaji hukitaka kile kipya, kilicho kigumu. Akikitwaa, mmea hauna cha kuchipua tena. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, na kuchimba humo ni kosa.

Hatusemi kwamba chikanda ni haramu. Asili ya vyakula vya ardhini ni uhalali. Lakini uhalali wa kitu hauihalalishi kila njia ya kukipata, na kilichotolewa hifadhini kwa siri hakiwi safi kwa kuwa mnunuzi amelipa bei kamili. Wafanyabiashara walio katika safu zetu za sala waulize gunia limetoka wapi kabla ya kutoa fedha. Na maimamu wa Mbeya, Makete na Tunduma tunawaomba walitaje jambo hili katika khutba za Ijumaa.

Wabillahi tawfiiq.