Mabaki ya Ovari kwa Sungura wa Nyumbani: Kutambua na Kutibu Upasuaji wa Kizazi Usiokamilika



Sungura wengi katika ukanda wetu ni wa nyama na wa mbegu, na mwenye sungura wa namna hiyo hana sababu ya kumtoa jike wake kizazi. Lakini mijini wapo wanaofuga sungura mmoja au wawili ndani ya nyumba, na hao ndio wanaotuletea swali la leo. Jike ametolewa kizazi, risiti ipo, kovu lipo, na bado anawapanda wenzake, anang'ata mkono unaoingia kizimbani, anajinyonyoa manyoya ya kifua na kubeba majani makavu mdomoni akijenga kiota. "Daktari, si ulisema ataacha?"

Pengine kazi haikumalizika. Pengine ilimalizika, na sababu iko kwingine. Hoja yangu ni kwamba tusimfungue sungura tumbo mara ya pili kabla ya kujua lipi kati ya hayo mawili ni kweli, na kwamba njia ya kulijua kwa sungura haifanani na ile tuliyoizoea kwa mbwa.

Kinachobaki, na namna kinavyobaki

Ovari ya sungura ni ndefu na nyembamba, iko nyuma ya figo, na kwa jike mnene imezama katika mafuta. Mrija wake wa mayai ni mrefu na umejipindapinda kuizunguka. Utando unaoshikilia mji wa mimba ndio ghala kubwa la mafuta ya tumboni kwa mnyama huyu. Mpasuaji anavuta, anaona donge la mafuta, anaamini ovari imo ndani yake, anafunga uzi na kukata. Ikiwa uzi umepita katikati ya ovari badala ya nyuma yake, kipande kinabaki na mishipa yake ya damu na kinaendelea na kazi kama kawaida. Hata kipande kilichokatika kabisa na kudondoka tumboni si salama: majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba tishu ya ovari iliyohamishwa inaweza kushika mahali pengine, ikapata damu na kuanza kutoa homoni upya.

Kosa la pili liko upande wa chini. Mbwa ana mwili mmoja wa mji wa mimba unaofungwa kwa uzi. Sungura hana. Ana pembe mbili zilizotengana hadi mwisho, kila moja na mlango wake wa kizazi, na yote miwili inafungukia katika uke mmoja. Aliyejifunza kwa mbwa hutafuta mwili wa mji wa mimba, hauoni, na huishia kuzifunga pembe mahali panapofikika kwa urahisi. Mabaki ya pembe peke yake yangeweza kukaa kimya. Mabaki ya pembe yanayopata estrojeni kutoka kwenye mabaki ya ovari ni hatari: yanaweza kujaa usaha, kuvuja damu, au kuota saratani. Saratani ya mji wa mimba ndiyo uvimbe unaoongoza kwa majike wa sungura, na katika baadhi ya koo zaidi ya nusu ya majike waliopita miaka 4 wamekutwa nayo. Huenea hadi kwenye mapafu. Kwa hiyo mwenye sungura anayesema "nitavumilia kung'atwa" aelezwe kwamba kung'atwa ni sehemu ndogo ya shauri hili.

Si kila anayepanda ana ovari

Kabla ya sindano yoyote, ulizeni tarehe. Tabia hazikomi siku ya upasuaji. Huchukua wiki kadhaa kutulia, na jike aliyekomaa na kuizoea tabia huchukua zaidi. Mimi simwiti yeyote mgonjwa wa mabaki ya ovari kabla miezi miwili haijapita. Ulizeni pia nani anaishi naye. Sungura hupandana kugombea ukubwa, majike kwa majike, waliotolewa kizazi na wasiotolewa, hasa mwenzao mpya anapoletwa. Halafu mgeuzeni mumtazame. Wapo sungura waliouzwa kama majike wakiwa wachanga na kumbe ni madume, na zipo kliniki nyingi zisizo na kumbukumbu ya alichofanyiwa mnyama kabla hajahamia kwao. Kovu la tumboni linathibitisha kwamba tumbo lilifunguliwa tu.

Mkojo mwekundu nao umewatisha wengi. Sungura mwenye afya anaweza kukojoa mkojo wa rangi ya machungwa au mwekundu kutokana na rangi za asili za chakula na mwili wake. Kijiti cha kupimia mkojo kitasema kama ni damu. Ikiwa ni damu kweli, mabaki ya mji wa mimba na kibofu vyote vikaguliwe.

Dalili ninayoipa uzito kuliko zote ni mimba bandia inayorudi. Jike huyu hapevushi mayai kwa mzunguko. Yai hutoka saa 10 hadi 12 hivi baada ya kupandwa, na wakati mwingine kupandwa na jike mwenzake kunatosha. Pasipo mimba, projesteroni hukaa juu kwa siku 16 hadi 18, kisha hushuka, na hapo ndipo kiota, kunyonyoa manyoya na pengine maziwa huonekana. Mabishano ya ukubwa hayamtoi sungura maziwa.

Kuna tezi nyingine ya kuikumbuka: adrenali, iliyo karibu na figo. Kwa sungura waliokwisha kuhasiwa au kutolewa kizazi imeripotiwa kuvimba na kutoa homoni za kiume, mnyama akawa mkali na mpandaji. Ni nadra, ila mkiisahau mtafanya upasuaji wa kutafuta kitu kisichokuwepo.

Vipimo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo fedha za watu zinapopotea. Kuchukua damu siku yoyote na kupima projesteroni hakusaidii. Ikiwa sungura hajapevusha yai, projesteroni itakuwa chini hata kama ana ovari mbili nzima. Estrojeni nayo hupanda na kushuka, na namba moja haielezi kitu. Lazima umlazimishe mnyama ajibu: unamchoma hCG au GnRH, dawa zinazochochea upevushaji, kisha unapima projesteroni baada ya wiki moja hivi, wakati ambapo tishu iliyobaki, kama ipo, imekwisha kuunda mwili wa njano. Projesteroni ikipanda, ovari ipo. Isipopanda, usitangaze ushindi: huenda siku ya sindano hapakuwa na kifuko cha yai kilichokomaa. Rudia kabla ya kuhitimisha.

Maabara ikiweza kupima homoni ya anti-Müllerian, ambayo kwa jike hutoka kwenye ovari, sampuli moja inatosha bila kusubiri wiki. Ultrasaundi ni msaada mzuri kwa mabaki ya mji wa mimba, uvimbe na adrenali, lakini kipande cha ovari cha milimita chache ndani ya mafuta kinaweza kumpita hata mpimaji mzuri. Picha safi isiwe sababu ya kufunga jalada.

Katika damu, kumbukeni ukubwa wa mnyama. Sungura wa kilo 2 ana damu ya mililita 110 hadi 130 hivi mwili mzima. Pangeni vipimo vyote kwa sampuli moja.

Kumfungua tena

Tiba ya kudumu ni kukitoa kilichobaki. Wakati mzuri ni pale tishu inapofanya kazi, kwa mfano siku chache baada ya kipimo cha hCG kilichojibu, kwa sababu vifuko na miili ya njano huonekana kwa macho. Mkato uwe mrefu kuliko wa kwanza. Huu si wakati wa kujivunia kovu dogo. Anzeni nyuma ya kila figo, mkikumbuka kwamba ya kulia iko mbele zaidi, fuateni mabaki ya uzi wa zamani, kagueni pande zote mbili hata mkipata kitu upande wa kwanza, kisha shukeni hadi kwenye milango ya kizazi. Kuhusu mahali pa kufunga, wapo wanaofunga mbele ya milango ya kizazi wakihofia mkojo, kwa kuwa uke wa sungura ni mpana na mkojo huweza kuingia humo, na wapo wanaofunga nyuma yake ili pasibaki hata kipande. Kwa sungura aliyekwisha kuachiwa mabaki mara moja, mimi niko na kundi la pili, kwa uzi uliopitishwa katika nyama ili usiteleze.

Tumbo la sungura hushikana kwa urahisi mno baada ya upasuaji. Gusa kidogo, lowesha tishu, achana na katiguti, tumia uzi wa sintetiki wa nyuzi moja. Asifungishwe chakula usiku kucha kama mbwa, kwani hawezi kutapika na utumbo wake ukisimama ndio utakaomuua, si jeraha. Apewe dawa ya maumivu kabla na baada, na alishwe kwa bomba la sindano asipokula mwenyewe. Amoksilini na klindamisini za kumeza ziwekeni mbali naye. Zinaua bakteria wema wa utumbo na kuacha wenye sumu. Na kwa wenzetu wa Pwani: pasueni asubuhi na mapema, kwa sababu joto la nyuzi 30 na kuendelea linamwelemea hata asiyepasuliwa.

Asipoweza kupasuliwa

Mzee, mwenye ugonjwa wa figo, au ambaye picha ya kifua imeonyesha saratani imefika mapafuni, simshauri mtu ampasue. Kipandikizi cha deslorelini chini ya ngozi huzimisha ovari kwa miezi kadhaa, ingawa mwanzoni huichochea kidogo, na mwenye sungura aambiwe mapema ili asidhani dawa imeharibu. Projestini za sindano, ambazo ni rahisi kupatikana, sizipendekezi: zinaweza kuleta madhara kwenye matiti na kwenye kipande chochote cha mji wa mimba kilichobaki.

Nyumbani, wakati wa kusubiri: atengwe na wenzake wanaompanda, asipapaswe kiunoni, kiota chake kisibomolewe kwa sababu atajinyonyoa upya kutengeneza kingine, na matiti yakaguliwe yasiwe magumu wala mekundu. Kinyesi kikipungua, aletwe siku hiyohiyo.

Kumwambia mwenye sungura

Hili ni gumu kuliko upasuaji. Kipimo kikithibitisha, aambiwe waziwazi kwamba tishu ilibaki, hata kama aliyemfungua mara ya kwanza ni sisi au jirani yetu wa kliniki ya pili. Daktari anayesema "ni tabia tu, mvumilie" ili kulinda jina la mwenzake anamnyima mtu nafasi ya kuzuia saratani. Suala la nani alipe lijadiliwe baada ya hapo.

Na mezani, siku ya upasuaji wa kwanza, kabla ya kufunga tumbo: pasueni lile donge la mafuta, mwone ovari mbili kwa macho, na muandike kwenye kadi kwamba zilionekana zote mbili na uzi ulifungwa wapi. Kazi hiyo haizidi dakika mbili. Katika upasuaji wa marudio, kipande kiende maabara ya patholojia. Mwenyewe asipokuwa na fedha, kihifadhiwe katika fomalini ya asilimia 10 pamoja na jina la sungura na upande kilikotoka. Akirudi miezi michache baadaye bado anajinyonyoa, chupa hiyo itatuonyesha kama tulitoa ovari au tulitoa mafuta, na tuanzie upande upi.