Damu ya Mtoto na Kura ya Bucharest

Msikilizaji, mtoto akiiba au akishindikana shuleni, hutakosa kusikia mtu akisema: hiyo ni damu ya baba yake, mtoto wa nyoka ni nyoka. Wazee wanatikisa vichwa, na mtoto ameshahukumiwa.

Damu siikatai. Huko Minnesota, Marekani, Thomas Bouchard alianza mwaka 1979 kuwachunguza mapacha wa kufanana waliotenganishwa wangali wadogo. Wengi walikutwa wamefanana hata kwa tabia, ingawa kila mmoja alikulia nyumba yake.

Lakini twende Romania. Mwaka 1966 mtawala wa nchi hiyo, Nicolae Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba, akitaka watu waongezeke. Familia maskini zikaelemewa, na utawala wake ulipoanguka Desemba 1989, watoto zaidi ya laki moja walikuwa wakilelewa katika vituo vya watoto. Walichokosa zaidi ni mtu wa kuwapakata, wa kuwasemesha, wa kuwaita kwa jina. Wageni walioingia mabweni yale walishtushwa na ukimya: vitoto vimelala macho wazi, havilii, kwa sababu vilishajua kwamba hata vikilia hakuna atakayekuja.

Kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachunguza watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Wakapiga kura: nusu wapelekwe kwa familia za malezi, nusu wabaki. Kura haichagui ukoo, kwa hiyo hakuna awezaye kusema upande mmoja ulipewa damu njema. Walipofikisha miaka minne na nusu, waliopata familia walikuwa na wastani wa 81 katika kipimo cha akili, waliobaki 73. Wenzao wa mji huohuo, waliolelewa na wazazi wao, walipata 109. Na waliotolewa vituoni kabla ya kutimiza miaka miwili ndio walionufaika zaidi.

Yaani familia ilisaidia, ila haikurudisha yote. Hilo ndilo linaloniumiza.

Mwaka 2004 Romania ilitunga sheria ya kuzuia watoto wa chini ya miaka miwili kupelekwa vituoni, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa.

Basi ndugu zangu, ukoo ukikaa kumjadili mtoto aliyeachwa na marehemu, msianze kuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Ulizaneni nani atamchukua, na achukuliwe mapema.